Mabiwi Kumi na Moja

Tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka sisemi na mtu. Sisemi hivi kwa kulalamika, ndivyo kazi ilivyo. Nipo ubavuni mwa kilima cha mawe, upande wa Randburg, nimepiga magoti juu ya gunia nang'oa miche ya muwati. Miche yenyewe haizidi urefu wa kidole, na imeota kwa duara, duara pana kama sakafu ya nyumba ya msonge. Maduara yako kumi na moja. Nimemaliza manne. Watu wanaotembeza mbwa hupita njia ya juu, hunipungia mkono, nami huwapungia. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku.

Nataka kueleza maduara haya yalitoka wapi, maana mwenye kuyafanya ni mimi, na kwa ajili yake nilimpoteza mtu mmoja, mtu pekee niliyekuwa nazungumza naye Kiswahili mchana kutwa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikipotea njia mnisubiri, nitarudi.

Mimi kwetu Handeni. Hapa Johannesburg nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu, na karibu yote nimekaa kwenye bustani za watu, kukata majani, kupogoa, kufagia. Mke wangu alifia hapa. Binti yangu anakaa hukohuko Randburg, ghorofani, na watoto wawili wanaoniita Babu, na baada ya hilo neno Babu kila kitu kinachofuata ni Kiingereza. Wananielewa nikisema. Nikisema "leta maji" maji yanakuja. Lakini hawarudishi neno, na mtu ukisema bila kurudishiwa mwishowe unasema kidogo kidogo, kisha unasema "leta maji" tu. Mimi nakaa Mayfair, chumba cha nyuma ya duka la Msomali, kwa sababu msikiti uko karibu na kwa sababu ghorofani kwa binti yangu hakuna ardhi ya kukanyaga.

Sasa hiki kilima. Si cha mtu, ni cha mji, lakini majirani wa pale wana kamati yao ya kukitunza, na mkubwa wa kamati ni mama mmoja mzungu, mzee kama mimi, aliyefundisha mambo ya mimea maisha yake yote. Mimi humwita mama wa majani. Nilikuwa nafanya bustani ya jirani yake, akaniona ninavyong'oa magugu na mizizi yake, akaniambia, njoo kilimani.

Zamani kilima chote kilikuwa nyasi. Nyasi ndefu, na mwezi wa tatu zinapokomaa zinakuwa nyekundu kama kutu, na upepo ukipita unaona njia yake. Halafu ukaja muwati. Ule mti niliwahi kuuona Lushoto nilipokuwa kijana, watu wanaupanda kwa nguzo na kuni na wanausifu. Hapa ni adui. Unakunywa maji yote, chini yake haioti hata nyasi moja, na majira ya baridi moto ukipita basi unawaka kama tanuri. Kuna na lile ua la pinki linaloonekana zuri kando ya barabara, nalo ni balaa vilevile, ila hilo leo niliache.

Kazi yetu ilikuwa kuukata. Unakata karibu na ardhi kabisa, halafu kabla shina halijakauka unalipaka dawa ya rangi ya buluu kwa brashi, usipopaka linachipua upya. Mikubwa tunaimenya gome kuzunguka shina, inakauka ikiwa imesimama. Mama wa majani alisema matawi tuyatandaze kukingama mteremko, moja hapa moja pale, yazuie udongo usikimbie na mvua, na chini yake tumwage mbegu za nyasi, ndege wasizione. Alituonyesha kwa mikono yake mwenyewe, ameinama, na mgongo wake mbovu.

Nimesema "kazi yetu". Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, umri wa hamsini na kidogo, mfupi, mwenye kofia ya sufi majira yote. Ufundi wake hasa ni ushonaji, na jioni na Jumamosi alikuwa akishona nguo pale Joubert Park, chini ya ghorofa anakokaa na mke wake. Kiswahili chake na changu vilikuwa kama ndugu wa mama mbalimbali. Siku ya kwanza aliniambia, "Papa, weye unasema kama redio."

"Na wewe unasema kama nani?"

"Miye nasema kama mutu."

Basi tukaendelea hivyo, miaka mitatu. Alinicheka kwa mambo yetu ya samahani na pole na naomba. Nikikanyaga mguu wake nasema samahani, tawi likimpiga nasema pole, nikitaka panga nasema naomba panga. Siku moja nilikuwa nakata muwati mkubwa, akasimama nyuma yangu, akasema, "Nyiye ba-Tanzania. Ukimaliza kuikata, utaiambia pole?"

Nikamwambia nyinyi Wakongo hamsemi pole kwa sababu mna haraka ya kuimba.

"Tunaimba juu ya kuwafunika nyiye sauti," akasema.

Asubuhi alikuwa akichemsha chai kwenye mafiga matatu chini ya jiwe kubwa. Chai ya tangawizi aliyosagiwa na mke wake, sukari nyingi mno. Mimi nakaa upande huu wa jiwe, yeye upande ule, tunakunywa hatusemi kitu. Hata kunyamaza kwenyewe ilikuwa kunyamaza kwa Kiswahili. Sijui kama mtanielewa hapo. Ukinyamaza na mtu wa lugha yako ni kitu kimoja, na ukinyamaza kwenye teksi katikati ya watu ni kitu kingine.

Haya, mabiwi.

Kwetu shamba likishafyekwa, takataka zote unazikusanya mabiwi, na yakikauka unachoma, kabla ya mvua. Mama yangu mzazi alikuwa hodari wa hilo. Shamba lake likichomwa lilikuwa safi kama jamvi, na alikuwa akipita kwenye mashamba ya wenzake, akiona tawi limelala analiangalia lile tawi kama mtu anayeangalia nguo chafu iliyoanikwa barazani. "Hawa hawajamaliza," anasema. Mimi nimekua na maneno hayo. Sasa nipo uzeeni, kwenye kilima cha watu, nimeambiwa matawi niyaache yamelala ovyo ndiyo kazi imekwisha. Nilikuwa siwezi. Nilikuwa nikifika asubuhi nikiyaona roho inakuwa na upele.

Nikamwambia mwenzangu, tuyakusanye kwanza.

"Mama alisema tutandike," akasema.

"Tutatandika. Kwanza tukusanye tuone tunacho kiasi gani."

Aliniangalia. Lakini mimi ndiye mkubwa, naye ni mtu wa heshima, kwa hiyo tukakusanya. Mabiwi kumi na moja, yamepangwa vizuri kufuata mteremko, kila moja linafika kifuani. Mama wa majani wakati huo alikuwa amelala nyumbani kwa ule mgongo, hakupanda kilimani wiki nzima. Moyoni mwangu nilikuwa nafurahi. Kilima kilianza kufanana na shamba.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nane, umande umeganda asubuhi, hewa imetulia kabisa. Mwenzangu alikuwa na siku yake ya kwenda ofisi ya wakimbizi kuongezewa muda wa karatasi zake, mapapye mwenyewe anavyoita. Akachemsha chai, tukanywa. Halafu akazima moto. Nataka mlishike hili: nilimwona kwa macho yangu. Alimwaga maji ya chupa juu ya majivu, akafukia kwa udongo, akakanyaga kwa kiatu, akakanyaga tena. Akasema, "Papa, naenda. Kama hawaniambie nirudi kule, kesho tutaonana," na akashuka.

Nikabaki peke yangu na mabiwi.

Sikupanga. Au nilipanga, sijui, kiberiti kilikuwa mfukoni na mimi sivuti sigara. Nikajiambia, hewa imetulia, nikichoma moja tu nitakuwa nimempunguzia mama wa majani kazi. Nikawasha la kwanza. Likawaka vizuri, moja kwa moja juu, moshi umenyooka. Nikasimama na tawi bichi pembeni, likashuka, likawa kaa. Mnajua ile harufu? Ilikuwa harufu ya kwetu. Muwati si mti wetu, lakini moshi wa shamba ni moshi wa shamba. Nikawasha la pili. Sitaki kuwadanganya, nilikuwa naimba. Mimi ninayewacheka Wakongo.

Mpaka saa sita nilikuwa nimewasha yote kumi na moja, na ndipo upepo ulipokuja, kutoka nyuma ya kilima, si polepole, ulikuja wote kwa mara moja. Ukaokota cheche za biwi la juu ukazitupa kwenye nyasi. Nyasi za mwezi wa nane hapa ni karatasi. Niliupiga moto kwa tawi, nikatupa tawi nikakimbilia fagio la mpira la kuzimia moto tulilopewa na kamati, nikarudi, nikapiga, moto ulikuwa umeshanipita pande zote mbili unapanda. Ulipita kwenye mafiga ya chai, ukapita jiwe kubwa, ukafika barabara ya juu. Gari la zimamoto lilikuja. Ukawa umeshateketeza benchi la kamati na uzio wa mbao wa nyumba moja, na kilima chote kimekuwa cheusi. Hakuna aliyeumia. Mimi niliungua nyusi tu.

Mama wa majani akaja amevaa gauni la kulalia na koti juu yake, amejishikilia kwa fimbo. Akaniuliza moto ulianzia wapi. Nikamwambia, nilipougeukia ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Hayo maneno ni ya kweli, yapimeni. Akaangalia kilima, akaangalia mafiga matatu meusi chini ya jiwe. Akauliza kama leo tulichemsha chai. Nikasema ndiyo, tulichemsha. Nalo lilikuwa kweli.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba sikusema uongo siku ile.

Asubuhi yake mwenzangu akapanda kilimani, karatasi zake zimepigwa muhuri, anafurahi, akiwa mbali ameanza kunipungia. Akaona kilima kile cheusi. Akaacha kupunga. Alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga, akachuchumaa, akatia kidole kwenye majivu kama mtu anayeonja uji. Halafu akasema, hata hakuniangalia, "Papa, iko miye."

Hapo ndipo. Kila mtu ana mahali pake ambapo angeweza kusema neno, na pangu ni hapo. Mdomo nilifungua. Nikasema, "Pole."

Akaenda mwenyewe kwa mama wa majani kueleza. Alisema alizima lakini labda hakuzima vizuri, alikuwa na haraka ya ofisi. Mama wa majani mwenyewe angemwacha, nadhani. Lakini mwenye ule uzio alikuwa kwenye kamati, na kamati wakasema hapana, aondoke. Alikuja kuniaga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Unisamehe, Papa, nimekuharibia kazi." Nikamwambia haina neno.

Haina neno. Nilimsamehe, mimi.

Tangu siku ile nimekuwa peke yangu kilimani. Chai nakuja nayo kwenye chupa. Mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, mvua zikaja, na jambo la ajabu ni kwamba kilima kikageuka kijani kuliko kilivyowahi kuwa. Mama wa majani alipona kidogo, akapanda, akanieleza, kwa Kiingereza chake cha taratibu anachonisemea mimi. Alisema moto wa nyasi ni kama mtu anayekimbia, unapita, mizizi haijui hata kama kulikuwa na moto. Moto wa kuni unakaa kitako. Unaoka udongo mpaka maji hayaingii, na unaua kila mbegu isipokuwa moja. Halafu akanionyesha kwa fimbo.

Yale maduara. Kilima chote kijani cha nyasi, na pale palipokuwa na mabiwi pamekuwa jivu jeupe, na juu ya jivu vimeota vijiti vidogo vyenye majani kama unyoya, vimebanana kama nywele. Muwati. Akaniuliza kwa nini matawi yalikuwa yamerundikwa, alisema yatandazwe. Nikasema tuliyakusanya kwa muda tu. Akatikisa kichwa. Alidhani ule moto wa chai ndio uliopita ukayawasha. Akasema ing'olewe kwa mkono wakati udongo una maji, kabla mizizi haijashika, na ing'olewe tena mwaka unaofuata, na tena. Nikauliza, mpaka lini? Akasema mbegu za muwati zinaweza kulala ardhini miaka mingi kuliko iliyobaki kwake na kwangu. Alisema hivyo akicheka kidogo. Ni mtu mzuri.

Ijumaa moja baada ya swala, pale Mayfair, tulikaa na kahawa nje, na mzee mmoja wa Lushoto, fundi wa saa. Nikamsimulia habari za maduara, bila kusema nani aliwasha. Yule mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Nani mjinga aliyechoma matawi ya muwati?"

"Kuna watu," nikasema.

"Kwetu tukivuna muwati tunachoma makusudi, uote upya. Mbegu yake ngumu kama jiwe, haifunguki mpaka ioneshwe moto. Huyo bwana hakusafisha shamba, huyo amepanda."

Wengine nao wakacheka. Nikacheka pamoja nao. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu.

Nilikuwa nimeshajizoesha kuwa nimefanya kosa moja, kunyamaza, na moto ulikuwa bahati mbaya. Sasa niliona ni jambo moja. Nilifanya kile kilima kiwe safi kwa macho ya mama yangu aliyekufa zamani, nikapanda humo adui, nikamwachia mwenzangu aibu, na zawadi niliyopata ni kwamba kila siku nakwenda kuing'oa aibu yangu mche mmoja mmoja, sina wa kumwambia hata "sogeza gunia". Nikasema, nikifa na hili, yule mtu ataendelea kuamini mpaka na yeye afe kwamba mkono wake ndio uliochoma kilima.

Nilichukua wiki tatu nyingine kwenda kwake. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na mafua. Ya tatu sikuwa na mafua.

Jumamosi nikaenda Joubert Park. Alikuwa palepale chini ya ghorofa, cherehani mbele yake, kofia ya sufi kichwani na lilikuwa jua kali. Aliponiona akasimama. Akanitolea kiti chake, yeye akakalia ndoo. Akaniuliza hali, akauliza kilima, akauliza mgongo wa mama. Kila alichouliza kilinizidishia uzito. Alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya mtu, akaendelea kushona huku anasikiliza, na mimi nikaona heri ashone, asiniangalie.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kiberiti, la kwanza, la pili, kuimba, upepo. Nikamwambia nilikuona ukizima chai, ukamwaga maji, ukakanyaga mara mbili.

Cherehani ikasimama.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

"Nilikanyaga mara mbili." Alikuwa anajiambia mwenyewe. "Miye nilisema na bibi yangu," bibi kwao ni mke, "mbona nakumbuka nilikanyaga? Akasema, unakumbuka juu unataka kukumbuka." Akaiweka sketi magotini. "Zilikuwa ngapi?"

"Mabiwi? Kumi na moja."

"Zote uliwasha?"

"Zote."

"Hata ya saba, haukuchoka?"

Sikujua kama ni mzaha. Mwanamke mwenye sketi akapita kuuliza, akamwambia arudi baadaye.

"Papa," akasema, "kazi, nitakuachilia. Kazi ni kazi, ona, nashona. Lakini weye unajua miye nilifanya nini? Nilisimama mu kanisa. Mbele ya batu yote. Nikashuhudia, nikasema miye iko mutu wa uzembe, nilichoma mulima wa batu, Mungu anisamehe. Batu walilia. Pasta aliniwekea mukono. Wakaniombea siku tatu, nilifunga kula." Alinyanyua macho. "Nimetubu zambi yako, Papa. Mu-Islamu mzima."

Nilitaka kusema pole. Nililiona neno linakuja, nikalirudisha.

"Wende kwanza kwa ile mama," akasema. "Useme kwake. Kisha ya kanisa, nitaona."

Jumatatu nikamwambia mama wa majani, kwenye ngazi za nyumba yake, nimevua kofia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia, kama kwetu kila mtu huchoma. Nikasema kila mtu. Akasema alinionyesha jinsi ya kutandaza lakini hakuwahi kunieleza kwa nini tusichome, hakufikiri kuna haja. Nikamwambia hata angenieleza ningechoma. Hapo uso wake ukakunjamana. Akasema atazungumza na kamati, na mpaka wakati huo niendelee na maduara, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekubali kuyafanya. Akampigia mwenzangu simu mbele yangu, akamwomba radhi, akamwambia kazi yake ipo akiitaka. Nilisikia sauti yake upande wa pili, ndogo, ikisema asante, asante mama, atafikiri. Hakuomba kuzungumza na mimi.

Nikang'oa wiki mbili. Kila asubuhi nilikuwa nikisikia mawe yakibingirika njiani naangalia. Walikuwa watu wa mbwa.

Halafu akanipigia simu, Alhamisi jioni. "Siku ya Mungu uje kanisani, saa tatu. Ukae mbele."

"Mimi?"

"Iko mwengine aliyechoma?"

Nikaenda. Sikumwambia mtu Mayfair. Nilivaa kanzu kwa sababu ndiyo nguo yangu ya kwendea mahali pa heshima, na nilipofika ndipo nikajiona, mzee mwenye kanzu na kofia katikati ya chumba cha chini cha ghorofa, viti vya plastiki, magitaa, kina mama wa vitenge. Watu walinipisha mpaka mbele kama mgeni mkubwa. Pengine walidhani nimekuja kuokoka. Mwenzangu alikuwa safu ya pili, ng'ambo, na suti ya kahawia aliyoishona mwenyewe. Hakugeuka.

Waliimba sana. Halafu akaitwa. Akasimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, ile siku nilishuhudia mbele yenu kwamba nilichoma mulima. Nakuja kusema si miye. Miye nilizima moto yangu, nilikanyaga mara mbili. Iko mutu mwengine aliwasha, na yeye ameniambia mwenyewe, na iko hapa.

Hakunitaja. Hakunionyesha. Hakukuwa na haja, chumba kizima kilikuwa kinaniangalia mgongo. Nikasimama. Sijui nani aliniambia nisimame. Nikasema, "Ni mimi. Alizima. Nilimwona." Nikakaa. Pasta aliangalia chini, halafu akasema kitu kwa Kifaransa, watu wakasema amina, na gitaa likaanza. Yote hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na miezi sita yote nilikuwa nimeyaogopa kama kaburi.

Walipotoka nilisubiri nje, karibu na mlango, kwa kuwa sikujua kama inafaa kuondoka. Watu walinisalimia, wengine kwa mkono, wengine kwa kichwa. Mwenzangu akatoka na mke wake. Ni mwanamke mrefu, sikuwahi kumwona, miaka mitatu yote nilikuwa nikiijua tangawizi yake tu. Wakasimama mbele yangu, wote wawili.

"Njo huyu," akamwambia mke wake, yaani ndiye huyu.

Mke akaniangalia, kuanzia kofia mpaka viatu. Viatu vilikuwa vya kilimani, sina vingine, vina jivu kwenye mishono. Nikamwuliza mwenzangu kama Jumatatu atakuja.

"Sijui, Papa," akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa hajui. "Bado nafikiri." Na mtu mmoja akamwita kutoka upande wa ngazi, akageuka kumjibu.

Mke akabaki. Akaniuliza, "Umekula?"

Mumewe alikuwa ameshanipa mgongo, anazungumza na wale wengine, anacheka jambo. Nikasema nimekula, asante mama, nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Akaniangalia kidogo tena, kama anayesubiri niseme tena vizuri, kisha akamfuata mumewe, nami nikashuka kwa miguu kuelekea Mayfair.